Chai Yetu Ina Namba

Kuna kibanda hapa Laiser Hill ninakokunywa chai asubuhi. Juzi nilimuuliza mwenye kibanda, "Mum, haya majani ni ya wapi?" Akanijibu, "Ya duka." Wala hakuwa ananichezea.

Uchina, swali kama hilo lingekuketisha hadi jioni. Wana jamii ya chai inayoitwa wulong, yaani joka jeusi: majani huachwa yaanze kugeuka rangi, kisha hukatizwa kwa moto kabla hayajawa meusi kabisa. Moja yake hutoka Anxi, mkoa wa Fujian, na inaitwa Tieguanyin, Guanyin wa Chuma. Guanyin ni yule mwenye huruma ambaye Wabudha humwomba. Ukoo wa Wei unasema babu yao, mkulima maskini aliyekuwa akifagia hekalu lake bovu, alioteshwa mahali mche ulipo. Ukoo wa Wang unasema zii, msomi wao ndiye aliyeupata, na mfalme Qianlong akaupa jina. Hadithi zote mbili ni za karne ya 18, na ubishi bado upo. Mimi nauonea wivu huo ubishi.

Maana sisi hata neno tulipewa. Wachina wengi husema cha. Likapita nchi kavu hadi Uajemi, likaingia India, likatufikia likiwa chai. Huko Fujian husema te, na hilo ndilo Waholanzi walilobeba kwa meli hadi Ulaya.

Mche nao ulipandwa Limuru mwaka 1903, kwa mbegu za India. Miaka ya 1920 makampuni ya Waingereza yakajaza Kericho, kwenye ardhi ambako Wakipsigis na Watalai walifurushwa. Mwafrika alichuma tu. Kupanda yake mwenyewe hakuruhusiwa hadi miaka ya 1950. Leo hakuna nchi inayouza nje chai nyeusi kutushinda, lakini nyingi hupita mnada wa Mombasa kwa magunia, ikachanganywe ng'ambo na kuvalishwa jina la mwingine.

Halafu 2011, baada ya takriban miaka 25 ya kazi, watafiti wetu walitoa mche wenye majani ya zambarau. Si utani, ni zambarau kweli, kwa rangi ileile iliyo kwenye tunda lenyewe. Mche wetu, umezaliwa hapa. Wakauita TRFK 306/1: herufi za taasisi yao, na namba. Nilikuwa na namba ya aina hiyo chuoni. Niliiacha huko pamoja na chuo. Na baadhi ya wakulima walioupanda waliishia kuona majani yao yakimwagwa pamoja na ya kijani, kwa bei ileile.

Jana nilimsimulia mwenye kibanda. Alisikiliza huku akikoroga sufuria.

"Na inaitwaje?"

Nikamtajia.

"Hiyo si ni paybill?"

Akaniongezea chai.