Mchango, Mnyoo na Safura: Tunapima Nini katika Dawa za Mombo?

Muuza miti shamba wa Mombo, wilayani Korogwe, akiulizwa gome lililo mkekani linatibu nini, aghalabu hujibu kwa neno moja: mchango. Mtafiti huandika kwenye dodoso lake: minyoo. Hapo ndipo tunapopotea.

Mchango, au chango, katika Kiswahili ni utumbo, ni mnyoo, tena ni maumivu yenyewe. Kuna chango la uzazi, na kuna la mtoto mchanga anayejikunja kwa msokoto usiku kucha. Wagonjwa wote hao hupewa dawa ya mchango, na mganga hajakosea, kwani anatibu tumbo kwa upana wote wa neno lake. Anayekosea ni msomi anayelipeleka gome hilo maabara akitaka liue mnyoo wa duara, kisha likishindwa atangaze kwamba miti shamba haina kitu.

Upande wa pili nao una hatari yake, na kwangu hiyo ndiyo nzito zaidi. Nyumbani dawa hupimwa kwa macho. Mnyoo wa duara hufikia sentimita 30. Ukitoka, mama anauona na moyo wake unatulia. Mnyoo wa safura ni wa sentimita moja hivi. Huingia kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu, huuma ukuta wa utumbo na kunyonya damu, na mtoto hupauka akitamani kula udongo. Dawa ya kuharisha yaweza kuutoa ule mkubwa na kuuacha huu mdogo, huku nyumba nzima ikishukuru.

Kwa hiyo tuhesabu mayai ya minyoo kinyesini. Mifano ipo. Huko Mahale, magharibi mwa Tanzania, mwaka 1987, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua mimea ya kwao, walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini kichungu cha mmea uitwao mtukutu. Baadaye Huffman alipima kinyesi cha sokwe mwingine aliyetafuna mmea huohuo: mayai yalishuka kutoka 130 kwa gramu hadi 15 katika saa 20 hivi. Nchini Nigeria, utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2007 uliwapa watoto 30 mbegu za papai zilizokaushwa pamoja na asali. Vinyesi vya 23 vilikuwa safi baadaye, ilhali kati ya 30 waliopewa asali tupu ni 5 tu. Mpapai umejaa nyuani kwetu.

Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili ina mizizi ya tangu 1974, sheria ya tiba asili ni ya 2002, na Korogwe kuna maabara ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Tunachokosa ni kumhesabia mtoto wa Mombo mayai kabla ya kikombe cha dawa na baada yake, kwa kila aina ya mnyoo peke yake. Na slaidi isomwe mapema, ndani ya saa moja, kwa kuwa mayai ya safura hufifia upesi kwenye kioo, na dawa iliyoshindwa ikaonekana imeponya.