Uende Kazini, Urudi Nyumbani

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala kipindupindu. Tunazungumza juu ya balaa isiyoletwa na mbu wala maji machafu, yaani ajali ya kazini. Balaa hii ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika mitaa yetu ya Eastlands.

Simama alfajiri kwenye Barabara ya Jogoo au ile ya Lunga Lunga. Utaona watu wakienda kwa miguu, kimya kimya, kuelekea Industrial Area. Safari hiyo si ya jana. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Baadaye mitaa kama Muthurwa na Makongeni ikajengwa ili wafanyakazi wa reli wapate pa kulala. Tangu mwanzo, Eastlands ilikuwa mahali pa kulaza mikono ya kazi. Mikono ilihitajika sana, lakini mwenye mikono hakutazamwa sana.

Mwezi wa Mei 1950, viongozi wa wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa zaidi ya wiki moja. Walidai viongozi wao waachiliwe, na walidai mshahara wa kutosha kuishi. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya viwanda, ambayo ilianza kutumika Septemba 1951. Sheria hiyo ilifuata mfano wa Uingereza. Ilitaka mashine zinazozunguka zifunikwe, na boila na winchi zikaguliwe. Ilikuwa hatua njema, lakini macho yake yalitazama kiwanda peke yake.

Angalia sasa jinsi macho hayo yalivyofunguka polepole. Mwaka wa 1990 sheria ilirekebishwa ikagusa pia mahali pengine pa kazi. Mwaka wa 2004 zikaja kanuni za kamati za usalama. Mwaka wa 2007 Bunge likapitisha sheria mbili mpya: moja ya usalama na afya kazini, na nyingine ya fidia kwa anayeumia kazini. Sheria hizi zinamlinda mfanyakazi hata kama mkataba wake ni wa mdomo tu. Kwa hiyo wewe kibarua unayeitwa getini asubuhi na kulipwa jioni, usidanganywe kwamba humo.

Tena sheria ya 2007 inamtaja hata mtu asiyefanya kazi pale lakini anayeweza kudhurika na kazi hiyo. Kwa nini jambo hilo ni kubwa? Jibu tulilipata kwa uchungu. Asubuhi ya tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kituo cha kampuni ya bomba la mafuta huko Industrial Area. Ikaingia kwenye mtaro na kuteremka hadi kijiji cha Sinai. Watu walitoka na ndoo na mitungi kuteka. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wengi wao hawakuwa wameajiriwa na kampuni ile. Walikuwa majirani tu.

Miaka 12 ikapita, na usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi likalipuka mtaani Mradi, Embakasi, mahali palipojazwa gesi bila kibali. Mamlaka ya kawi ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo pale, na sababu mojawapo ilikuwa wingi wa nyumba za watu karibu. Kazi iliendelea hata hivyo. Watu walikufa, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa wakiwa majumbani mwao. Hapa tunajifunza kwamba sheria iliyo kwenye karatasi haizimi moto. Mtu anayeijua na kuisema mapema ndiye anayeokoa.

Sasa wewe ufanye nini?

Kwanza, jua adui yako. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuufuata moto ulio mbali, hata jiko la jirani. Mafuta yakimwagika, usiteke. Zima moto wowote ulio karibu, ondoa watoto, nenda mbali. Usichomelee pipa lililowahi kuwa na mafuta, kwani hata likionekana tupu lina mvuke ndani. Usiingie kwenye tangi au shimo la maji taka kumwokoa mwenzako bila vifaa vya kupumulia na watu wa kukuvuta. Gesi iliyomwangusha yeye itakuangusha na wewe.

Pili, sema. Sheria inakutaka umweleze msimamizi wako ukiona hatari kubwa, na mwenye kazi haruhusiwi kukurudisha pale kabla haijaondolewa. Najua utasema, "Nikisema, kesho sitaitwa getini." Hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana usiende peke yako. Nendeni watatu au wanne. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Uliza kamati iko wapi. Mkipuuzwa, pelekeni habari kwa afisa wa Idara ya Usalama na Afya Kazini.

Tatu, ajali ikitokea, usifiche. Aliyeungua mwagilie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, unga wala samli. Mfunike kwa kitambaa safi, mkimbizeni hospitali. Kisha andika tarehe, saa, mahali na majina ya walioona. Mwajiri lazima aarifiwe, naye aiarifu serikali. Madai ya fidia yana muda wake wa miezi 12 tangu ajali au kifo. Familia nyingi husubiri matanga yaishe, kisha ahadi za meneja, na mwaka unakwisha.

Msikilizaji, tangu 1951 hadi leo sheria imepanuka kutoka mashine hadi kwa mtu, na kutoka ndani ya ukuta hadi kwa jirani wa nje. Hatua iliyobaki ni fupi, nayo ni kutoka kwenye karatasi hadi mdomoni mwako. Jioni ya leo muulize mtu wako anayetoka kazini swali moja: ni kitu gani pale kinachokutia hofu? Akikijibu, msikilize. Kesho asiende kukikabili peke yake.

Jitunze, umtunze na jirani. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.