Kupiga picha za mwezi na nyota kwa darubini ya nyumbani

Picha yangu ya kwanza ya mwezi ilitoka ukungu mtupu. Niliitoa darubini chumbani penye kiyoyozi, nikapanda nayo juu ya paa hapa Muscat usiku wa Agosti, na kabla sijaifunga simu, kioo kilikuwa kishatoa jasho. Nikakipangusa kwa mkono wa kanzu, na mikwaruzo ile ipo mpaka leo. Kwetu sisi wa Ghuba somo la kwanza ndilo hilo: itoe darubini saa nzima kabla, ikiwa na kifuniko chake, ipate joto la nje. Ikitoa jasho, iache ikauke yenyewe.

Anza na mwezi, lakini si wa kumi na nne. Usiku huo mwanga wa jua unaupiga kwa mbele, vivuli hakuna, na picha inatoka kama sahani nyeupe. Usiku wa sita hadi wa tisa wa mwezi wa Hijria ndio wenyewe: mpakani baina ya mwanga na giza, milima na mashimo hutupa vivuli virefu, na hata simu ya kawaida huvinasa.

Dukani usihadaike na maandishi ya kukuza mara 500. Ukuzaji wenye faida hauzidi sana mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita, kwa hiyo darubini ya milimita 70 mwisho wake ni kama mara 140. Bora pesa ziende kwenye miguu mizito isiyotikisika na kishikizo cha kufungia simu. Tumia lenzi ya kutazamia yenye ukuzaji mdogo, gusa mwezi kwenye skrini mpaka kingo zake ziwe wazi, teremsha mwangaza, kisha weka kihesabu cha sekunde 3 ili kidole chako kisiitikise simu.

Mshtarii na Zohali zataka njia nyingine. Rekodi video ya dakika moja, kisha programu ya bure kama AutoStakkert itachambua fremu safi na kuzipanga moja juu ya nyingine.

Nyota ni kazi ya baadaye. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na kwa darubini isiyo na mota kila nyota hugeuka mstari. Kabla ya kununua mota, chukua kamera yenye lenzi pana, bila darubini, upande Jabal Shams usiku wa baridi usio na mwezi. Kilimia, ambacho Waarabu wanakiita Thurayya, utakinasa kwa sekunde chache. Macho yakizoea giza utaliona pia lile wingu dogo alilolieleza Abdul-Rahman al-Sufi mwaka 964. Leo tunajua ni galaksi ya Andromeda.

Moja nalisema kwa ukali, kwa ajili ya watoto. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa: Makkah na Jeddah litafunikwa lote, Oman sehemu tu. Watoto watataka kuielekeza darubini huko. Bila kichujio maalumu cha jua kilichofungwa mbele ya darubini, wala si nyuma penye jicho, macho huungua mara moja na hayarudi. Mchana mimi huifungia kabatini, ufunguo nikautia mfukoni.