Rovu la Idjwi: utafiti uliozaliwa Ziwa Kivu

Nenda soko lolote la Rubavu, Rwanda, ugeuze pakiti ya chumvi. Utakuta maandishi madogo yanayosema ina madini joto, yaani iodini. Wanunuzi wengi hawana habari nayo. Lakini sehemu ya elimu iliyo nyuma ya maandishi hayo ilipatikana humu humu Ziwa Kivu, kisiwani Idjwi, upande wa Kongo, kusini mwa Rubavu.

Miaka ya 1960, madaktari Wabelgiji walikuwa na kambi Lwiro, karibu na Bukavu, kwenye kituo cha utafiti cha IRSAC. Miongoni mwao alikuwemo François Delange, daktari wa watoto aliyejikita katika homoni, pamoja na André-Marie Ermans na Claude Thilly. Walipovuka kwenda Idjwi walikuta watu wengi wenye rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, na baadhi ya watoto waliodumaa mwili na akili.

Kipimo chao cha kwanza kilikuwa mkono. Daktari hupapasa shingo ya mtoto na kulinganisha kila upande wa tezi na pingili ya mwisho ya kidole gumba cha mtoto huyohuyo. Ukizidi hapo, tezi imevimba. Kisha hupimwa mkojo, kwa kuwa iodini nyingi tunayokula hutoka mwilini kwa njia hiyo.

Sababu kuu ilikuwa inajulikana. Kivu iko mbali na bahari, na mvua za karne nyingi zimeosha iodini kutoka udongoni. Tezi isipoipata hushindwa kutengeneza homoni, nayo huvimba ikijaribu kunasa hata kile kidogo kinachopita. Mama mjamzito akiikosa sana, ubongo wa mtoto huumia kabla hajazaliwa.

Ila Idjwi ilikuwa na fumbo. Kaskazini mwa kisiwa, asilimia 54 hivi ya watu walikuwa na rovu; kusini-magharibi, asilimia 5 tu. Mkojo ulionyesha kwamba pande zote mbili zilikuwa na upungufu uleule. Mwaka 1968 Delange na wenzake walichapisha hitimisho lao: upungufu wa iodini ni sharti la rovu, lakini peke yake hautoshi.

Shaka ikaangukia sahani. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Usipolowekwa vya kutosha, mabaki yake huingia mwilini na kugeuzwa kuwa thayosaneti, kemikali inayozuia tezi kunasa iodini. Makala yao ya mwaka 1971 ilihusisha chakula cha kisiwani na rovu. Mwaka uliofuata, pamoja na Henri Vis na Mmarekani John Stanbury, walieleza hali ya watu walioathirika zaidi: wafupi mno, ngozi kavu, uso uliovimba, mifupa iliyochelewa kukomaa. Mwaka 1974 Delange alikusanya kazi hiyo katika kitabu kuhusu rovu Afrika ya Kati.

Tiba nayo ilifuata. Thilly na wenzake walitumia sindano ya mafuta yenye iodini, ambayo dozi yake moja hulinda kwa miaka kadhaa. Ilifaa vijiji visivyofikika, lakini kwa nchi nzima njia nyepesi ilikuwa chumvi, kwa sababu hata maskini huinunua. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walizihimiza nchi zote ziongeze iodini katika chumvi ya kula. Delange mwenyewe aliliongoza baraza la kimataifa la wataalamu wa kupambana na upungufu wa iodini. Rwanda ilifuata njia hiyo, na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta chumvi hiyo karibu katika kila kaya.

Ushindi huu hulindwa jikoni. Mtoto mchanga huhitaji mikrogramu 90 za iodini kwa siku, mama mjamzito 250. Hicho ni kiasi kidogo sana, lakini lazima kipatikane siku zote. Kwa hiyo nunua chumvi iliyofungwa yenye alama ya madini joto. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, uitie chunguni chakula kikikaribia kuiva. Na muhogo mchungu uloweke siku kadhaa, uukaushe vizuri, ndipo uutwange.