"Jina la Ukoo" ni la Ukoo Gani?

Miongoni mwa istilahi zitumiwazo kila siku bila kuchunguzwa ni "jina la ukoo". Twaikuta katika fomu za shule, za hospitali na za ardhi, ikisimama mahali pa neno la kigeni lenye maana ya jina ambalo mtoto hulirithi kwa baba yake. Katika makala hii tumekusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo, inapofika mahali kama Dakawa, yaweza kumpoteza karani na kumdhulumu mwananchi.

Tuanze na Ufaransa, kwa kuwa huko historia ya jambo hili imeandikwa wazi. Hapo kale Mfaransa alikuwa na jina moja tu, la ubatizo. Watu walipoongezeka ikabidi kuongeza la pili, nalo lilitoka katika moja ya asili nne: jina la mzazi, kama Martin, mahali, kama Dubois, yaani "wa msituni", kazi, kama Lefebvre, yaani mhunzi, au sifa na utani, kama Legrand, yaani "mkubwa". Wamisionari Wafaransa walioanzisha misheni ya Mhonda mwaka 1877 na ya Morogoro mwaka 1882 walikuwa wa taifa lenye majina ya namna hiyo. Mwenzao, Padri Alexandre Le Roy, aliyefika pwani yetu mwaka 1881, aliitwa "mfalme" bila kuwa mwana wa mfalme.

Yalikujaje hayo? Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539 iliwataka mapadri waweke daftari za ubatizo. Kisha sheria ya mwaka 1794 ikakataza mtu kutumia jina lisilo katika cheti chake cha kuzaliwa. Tangu hapo hata mwokaji mikate aliweza kuitwa Mhunzi. Daftari lililigandisha jina, maana ikabaki nyuma.

Sasa tuje Dakawa, kando ya mto Wami, katika barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Hapo wakutana Waluguru, Wakaguru, Wamaasai na wengineo. Kwa Mmaasai ukoo hufuata baba, na fomu haimsumbui. Kwa Mluguru, ukoo, yaani lukolo, hufuata mama, na haki ya ardhi ya ukoo hupitia humo. Walakini mtoto huyo huyo hupewa pia jina litokanalo na ukoo wa baba yake, liitwalo mtala. Hilo la mtala ndilo aghalabu huandikwa katika fomu penye "jina la ukoo".

Matokeo yake ni haya. Mjomba na mpwa wake ni wa lukolo moja, lakini katika karatasi majina yao ya mwisho hayafanani. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mbalimbali wana mtala mmoja, kumbe kila mmoja ana ukoo wake. Mpwa akidai shamba la marehemu mjomba wake, karani anayesoma fomu peke yake atamwona mgeni, na mwenye jina lifananalo na la marehemu atamwona ndugu wa ukoo. Hapo neno moja lililofasiriwa kwa haraka limekwisha kuamua shauri.

Isitoshe, majina ya mtala nayo yanaganda kama yalivyoganda ya Wafaransa. Yakishaandikwa shuleni, baba humpa mwanawe, mwana humpa mjukuu, wala hayaonyeshi tena ukoo wa baba kwa kila kizazi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika fomu liandikwe "jina la mwisho", ambalo halidai lisilolijua. Pili, mfasiri akutanapo na istilahi ya Kifaransa au ya Kiingereza aseme "jina la familia". Tatu, "jina la ukoo" liwekwe kwa ukoo wenyewe, na karani aulize: wa mama au wa baba? Swali hilo ni fupi, nalo laweza kumwokolea mtu shamba lake.