Watusi: jina lililochezwa dansi Marekani, wenyewe wakikimbilia Nakivale

Kila Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, husikika habari za Wakongo, Warundi na Wasomali. Waliotangulia kuishi hapa kama wakimbizi, lakini, ni Wanyarwanda, wengi wao Watutsi. Jina lao lilishafika Ulaya na Marekani zamani, tena kwa umbo la Kiswahili: Watusi.

Mpelelezi John Hanning Speke aliwataja hivyo katika kitabu chake cha 1863. Kwa Kinyarwanda ni Abatutsi. Wapagazi na wakalimani wa misafara walisema "wa" badala ya "aba", na Mwingereza akaandika alichosikia. Ndivyo pia Buganda ilivyotuachia jina la Uganda.

Yaliyofuata yanauma. Riwaya ya Rider Haggard, King Solomon's Mines, ya 1885, haina Mtutsi hata mmoja. Kampuni ya MGM ilipoitengenezea filamu mwaka 1950, ilikwenda hadi Rwanda na kuwaweka mbele ya kamera wacheza ngoma warefu wa huko. Picha za filamu ile zikatumika tena katika nyingine iliyotoka 1959, ikaitwa Watusi. Novemba ya mwaka huohuo Rwanda ikalipuka kwa ghasia dhidi ya Watutsi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na waliosalimika wakavuka mpaka kuingia Ankole, baadhi wakiswaga ng'ombe wao. Nakivale ikatambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960.

Mwaka 1962 vijana wa Marekani walikuwa wakicheza dansi iliyoitwa Watusi, na wimbo The Wah-Watusi wa kundi la The Orlons ukapanda hadi nafasi ya pili kwenye chati. Wakati huo wenye jina walikuwa wakifyeka pori kando ya Ziwa Nakivale waanze maisha upya. Kwangu hiyo ni dhuluma: watu walijulikana kwa urefu na ngoma, msiba wao usijulikane.

Leo kamusi za Kiingereza hulitaja neno hilo kama jina la zamani la Watutsi. Limebaki hai kwa ng'ombe wa pembe ndefu, Ankole-Watusi, wenye chama chao cha usajili Marekani tangu 1983. Wafugaji wa Mbarara huwaita kwa rangi; mwekundu aliyekoza, bihogo, ndiye fahari ya zizi.

Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wakimbizi wengi walirejea Rwanda. Watoto waliovuka mpaka mwaka 1959 na kubaki huku sasa ni wazee. Walimu wa Nakivale na Mbarara, wapelekeni wanafunzi wakawasikilize na kuandika, wazee hao wangali hai.