Kutoka Rafia mpaka Mupira: Historia ya Nguo na Viraka Kalemie

Wazee walisema: nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini tukitazama soko la Kalemie leo, nguo nyingi ni kama za kuazima. Zinafika ndani ya balo, zimekwisha kuvaliwa na watu wengine kule Ulaya na Marekani, zinapita Dar es Salaam na Kigoma, kisha zinavuka ziwa kwa mashua. Nyingi kati yake ni zile fulana nyepesi tunazoita mipira. Mupira ukichakaa, kuna wamama wanaoukata na kuushona tena kuwa blanketi, mto ao mfuko. Kuna wanaowacheka na kusema hiyo ni kazi ya maskini. Ndugu msomaji, kabla ya kucheka, tufuate kwanza historia ya nguo kwetu.

Zamani, kabla ya nguo za pamba kufika kwa wingi, watu wa inchi hii walifuma rafia. Waluba na Wasonge walijulikana sana kwa kazi hiyo, na vipande vya rafia vilikuwa pia mali: vililipa mahari na madeni. Kule Kasai, Wakuba walitwanga nguo ya rafia ili ilainike, na kwa kutwanga mara nyingine ilitoboka. Inasemwa kwamba viraka vya kwanza vilishonwa kuziba matundu hayo, na baadaye watu wakavipenda vyenyewe, wakavishona hata pahali pasipo tundu. Leo nguo hizo zimewekwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Kumbe kiraka hakikuwa aibu.

Katika karne ya 19, misafara ya Waarabu na Waswahili ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa. Ilileta merikani, nguo nyeupe ya pamba iliyofumwa Marekani, na kaniki ya rangi nyeusi kutoka Uhindi. Nguo zilipimwa kwa mikono na kwa doti, nazo zilikuwa pesa. Zilinunua pembe za ndovu, na kwa huzuni tukumbuke kwamba zilinunua watu pia. Tangu wakati ule tulianza kuvaa nguo iliyofumwa mbali.

Wabeleji walijenga kituo cha Albertville mwaka 1891, na reli kutoka Kabalo ikafika mwaka 1915. Mwaka 1917 serikali ya koloni ilianza kulazimisha watu kulima pamba. Mlimaji hakupanga bei, na aliyekataa alipata fimbo ao kifungo. Baada ya vita kuu ya pili kiwanda cha Filtisaf kilijengwa hapa mjini, na katika miaka ya 1950 mtambo wa umeme wa Bendera ulijengwa juu ya mto Kyimbi ili kukipatia nguvu yeye na mji. Kwa hiyo pamba ya koloni ilikuwa na uchungu, lakini kiwanda kilileta pia ufundi na mshahara. Watu wa Kalemie walisokota uzi na kufuma nguo kwa mashini, hapa hapa kando ya ziwa.

Ufundi ule haukudumu. Uchumi wa Zaire uliporomoka baada ya kampuni za wageni kunyanganywa mwaka 1973, kisha ukaja uporaji wa 1991 na 1993, na vita za 1996 na 1998. Katika miaka hiyo ya 1990 Filtisaf ilinyamaza. Balo ikachukua nafasi yake.

Pamoja na balo ikaja mipira ya bure. Wakati wa uchaguzi wa 2006, na tena 2011, 2018 na 2023, vyama viligawa fulana zenye picha za wagombea. Kampeni za chanjo nazo ziligawa zao. Kwa hiyo sanduku la nguo kuukuu katika nyumba nyingi ni kama kitabu: hapa uchaguzi, hapa kipindupindu, hapa timu ya mpira.

Kazi yenyewe inaomba akili. Kitambaa cha mupira kinavutika, na ukikishona hivi hivi kinapinda. Fundi anakifua, anakata mishono, kisha anakiwekea kipande cha kikwembe cha zamani kwa nyuma ili kitulie. Mupira mmoja mkubwa unatoa vipande viwili vizuri, cha kifua na cha mgongo. Mipira 6 inatoa vipande 12 vya sentimita 40, na hivyo vinatosha blanketi ya mtoto mkubwa. Mfuko ni rahisi zaidi: unakata mikono, unapanua shingo, unashona chini, na mabega yanakuwa mshiko. Mabaki yanakatwa madogo madogo na kujaza mto. Yakiachwa makubwa, mto unakuwa na mabonge.

Hata ndugu zetu walio mbali wana desturi hii. Kule Karnataka, Uhindi, wanaishi Wasidi, ambao wazee wao walitoka Afrika. Wanawake wao wanashona blanketi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu, wakianzia pembeni na kwenda katikati, na mwishoni wanaweka kipambo katika kila kona. Bila vipambo hivyo wanasema blanketi iko uchi.

Basi, kiraka ni kazi ya kale na haina aibu. Ila tusijidanganye: kushona mupira wa mwingine hakuwezi kulipa pengo la kiwanda kilichofuma nguo yetu wenyewe. Waliokuwa vijana pale Filtisaf ni wazee sasa, na wengine wamekwisha kufa. Wale waliobaki wanajua namna uzi ulivyosokotwa na mashini ilivyotengenezwa ilipoharibika. Vijana wanaojifunza kukata na kushona waende wakawaulize, na waandike majibu, maana watoto wetu siku moja watataka kufuma tena.